Bede Haipigwi Plastiki

Kabla ya kugusa bede zake, Baharanyi alinawa mikono mara mbili: kwanza kwa sabuni, halafu kwa maji matupu, ili sabuni yenyewe isije ikaacha alama. Katika mji kama Goma, ambako maji huja kwa bidoni za plastiki na vumbi jeusi la volkano huingia hata pale ulipofunga madirisha, hiyo si tabia ndogo. Mke wake Umuhoza alikwisha kumwambia kwamba padri mwenyewe hanawi hivyo kabla ya misa. Baharanyi akamjibu kwamba vitabu vya padri bado vinachapishwa.

Bede ni vile vitabu vyembamba vya hadithi za picha, vyenye agrafu mbili, vile vibanio vya chuma, mgongoni. Watoto wa zamani walivisoma mpaka vikaisha, na wazee wa sasa wanavitafuta kama mtu aliyepoteza ng'ombe. Baharanyi alikuwa na sanduku zima la chuma la bede hizo chini ya kitanda, nyumbani kwake Murara. Mchana aliwaandikia wafanyabiashara wa Birere, karibu na mpaka, karatasi za forodha, kazi ya kelele, jasho na kusukumana. Jioni alivuta sanduku, na uso wake ukalainika.

Bede zake alizipa maksi kama mwalimu. Yenye kona zilizokunjwa ilipata kumi na nne juu ya ishirini. Iliyoandikwa jina la mtoto kwa kalamu ya wino, kumi, na hiyo ni kwa huruma. Iliyowahi kufungia karanga ilipata sufuri hata kama mafuta yalikwisha kukauka. Ishirini kamili hakuwahi kutoa, kwa sababu ishirini, alisema, ni ya Mungu.

Kubwa kuliko zote kwake lilikuwa fungu la *Shofere Kipepeo*, lililochapwa Bukavu miaka ya themanini, wakati yeye mwenyewe alikuwa mtoto huko. Kipepeo ni dereva mwembamba mwenye kofia iliyotoboka. Anapewa kengele mpya ya kanisa aipeleke kwa lori mpaka parokia moja ya milimani. Kengele inang'aa, haina hata mkwaruzo mmoja, na padri ameagiza ifike vile vile. Kitabu baada ya kitabu lori linakwama kwenye tope, askari wa vizuizi wanataka chao, mbuzi wanapanda juu ya mzigo, na Kipepeo anaifuta kengele kwa shati lake. Mwisho wa Namba Kumi na Moja daraja linakatika. Kengele inatumbukia mtoni, na Kipepeo amesimama ukingoni, kofia mkononi, mdomo wazi.

Hapo ndipo mtoto Baharanyi alipoachwa. Mwenye mtambo wa kuchapa alifilisika. Ikasemekana Namba Kumi na Mbili, ile ya mwisho, ilitoka nakala chache tu kabla mlango haujafungwa. Baharanyi alikwenda kwenye kibanda cha magazeti kila Jumamosi mpaka muuzaji akamfukuza. Akakua, akasoma, akahamia Goma, akaoa, akaota mvi, na bado hakujua kama kengele ilifika. Kila mtu ana donda lake. La Baharanyi lilikuwa hilo, na lilimwasha.

Tena dawa yake haikuwa mbali. Nakala moja ya Namba Kumi na Mbili ilikuwa Birere, mwendo mfupi tu kutoka mezani kwake, kwa rafiki yake Olivier.

Olivier alikuwa muuza dawa, mjane, watoto wake wamekwenda kutafuta maisha Kampala. Alikusanya bede kama Baharanyi, lakini hakuzisoma. Kila moja aliitia katika sashe safi ya nailoni pamoja na kile kipakiti cha kukausha unyevu kinachokuja ndani ya makopo ya vidonge, halafu akaufunga mdomo wa sashe kwa moto wa mshumaa. Hata Namba Kumi na Mbili hakuwahi kuifungua tangu ainunue.

"Bede ni kama yai," alisema kila mara. "Ukitaka kujua ndani iko namna gani, umeshaipasua."

Baharanyi alimwomba aisome palepale dukani, amevaa glavu za dawa. Olivier akakataa. Akamwomba amsomee ukurasa wa mwisho tu, yeye asimame nje. Olivier akamwuliza kama anataka kumwua. Miaka ikapita katika urafiki wa namna hiyo, wa kucheka pamoja huku kila mmoja akilichungulia sanduku la mwenzake.

Mwishowe Baharanyi alipiga moyo konde. Alikuwa na Namba Moja, ile ya kwanza kabisa, hali yake kumi na tisa juu ya ishirini: rangi bado kali, kona kali, agrafu zinang'aa. Wakusanyaji wa Kinshasa, Lubumbashi na Brussels, ambao wote walikuwa kwenye grupu moja la simu, walililia namba za kwanza kuliko za mwisho. Sokoni Namba Moja hiyo ilitosha kununua pikipiki iliyotumika. Namba Kumi na Mbili labda ingenunua magurudumu yake. Baharanyi akasema wabadilishane moja kwa moja, Moja kwa Kumi na Mbili, bila nyongeza.

"Uko na homa?" Olivier aliuliza.

"Nataka kujua mwisho yake. Basi."

Olivier akampa mkono haraka, kabla homa haijashuka. Wakapanga Jumapili baada ya misa, nyumbani kwa Baharanyi.

Sasa, katika nyumba hiyo alikuwamo mgeni. Mama Mukamugema, mama mzazi wa Umuhoza, alikuwa ameshuka kutoka Rutshuru kuja kutolewa ukungu wa macho. Miaka mingi alikuwa akiona watu kama moshi. Daktari alipomfungua bendeji alitazama kila kitu kama mtu anayedai alichonyimwa. Aliona kwamba mjukuu wake Exaucée ana masikio yake mwenyewe. Aliona buibui juu ya kabati, akamwonyesha binti yake kwa kidole. Na aliona kwamba mkwe wake, kila jioni, ananawa mikono mara mbili, anatoa karatasi fulani ndani ya sanduku, anaishika kwa ncha za vidole, anaipulizia pumzi, halafu anairudisha.

"Ile karatasi ya papa yako ni ya nini?" alimwuliza Exaucée.

"Ni ya maana sana, nyogokuru. Siye hatuigusake."

Mama Mukamugema akatikisa kichwa. Hakuuliza tena. Mtu mzima haambiwi kila kitu.

Jumamosi Baharanyi alirudi kutoka mpakani mapema, akipiga mluzi. Kesho yake tu, na angejua. Akaingia sebuleni akamkuta mama mkwe wake amesimama kando ya meza, amevaa kitenge cha Jumapili, mikono nyuma. Umuhoza alikuwa jikoni, hana habari, anachambua maharage.

"Mukwe wangu, ikala kwanza," alisema mama.

Baharanyi akaketi.

"Umenilisha, umenilipia daktari, hujanionyesha sura mubaya hata siku moja. Mimi sina kitu. Lakini nimeona kitu unapenda." Akaleta mikono mbele. "Chukua."

Ilikuwa Namba Moja. Mwanzoni Baharanyi hakuitambua, kwa sababu iling'aa kama dirisha. Kila ukurasa ulikuwa peke yake, umefungwa ndani ya plastiki ngumu, kona zimekatwa mviringo kama za kitambulisho, na mgongoni pamepita waya mweusi wa kujisokota, ule wa kazi za mwisho za wanafunzi wa chuo.

"Nilipeleka kwa kijana ya fotokopi, kule Birere," mama alieleza kwa furaha. "Akasema mashini yake haikamatake kitabu, inakamata tu karatasi moja moja. Nikamwambia, basi kata!"

"Kata," Baharanyi alirudia.

"Alikata muzuri, pale katikati. Tena karatasi ya pembeni ilikuwa murefu, haikuingia. Akapunguza."

Baharanyi alitaka kuuliza jambo moja tu, na lilitoka kama kikohozi. "Na agrafe, mama?"

"Zile tuchuma? Zilikuwa na kutu. Nilitupa."

Hazikuwa na kutu. Baharanyi alizijua agrafu zile kuliko alivyowajua binamu zake. Alihisi damu inampanda kichwani na maneno yanafuatana nyuma ya meno yake, maneno ya mpakani, ya kuwaambia madereva. Ndipo mama Mukamugema akaketi karibu yake na kushusha sauti.

"Wakati tulikimbia kule kwetu, nilibeba karatasi zote. Ya shamba, ya ndoa, ya ubatizo ya batoto. Mvua ilitupiga njiani, ikakula zote. Yenye ilibakia ni kadi yangu moja, juu ilikuwa na plastiki. Siku ile nilisema, kitu unapenda, uvalishe plastiki. Karatasi yenye mutu ananawia mikono haiwezi kutembea uchi."

Mkwe hapandishi sauti mbele ya mama mkwe wake. Hiyo Baharanyi alifundishwa Bukavu, na akaikuta ile ile kwa wakwe zake wa Rutshuru. Lakini si adabu peke yake iliyomfunga mdomo. Yale macho mapya yalikuwa yanamtazama, yanangoja, na hayakuwa na hatia hata kidogo. Akasimama, akainama, akaipokea bede yake kwa mikono miwili.

"Asanti, mama," alisema. "Asanti sana."

Umuhoza alikuwa amekuja mlangoni kuona kuna nini. Alipoona alichoshika mume wake alijifunika mdomo kwa kanga, akatoka kwenda uani, na huko kikasikika kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Ucheke vizuri," Baharanyi alimwambia alipomfuata. "Kumi na tisa juu ya makumi mbili, Umuhoza! Sasa ni menyu ya restora."

"Basi umwambie mama."

"Nimwambie nini? Kama amenichinjia mutoto?"

"Basi umwambie Olivier asikuje."

Maji yakimwagika hayazoleki, na plastiki ikishapita motoni haibanduki. Baharanyi akachukua simu akamwandikia Olivier: *Usije kesho. Namba Moja imepata ajali.* Jibu likaja mara moja: *Ajali ya nani? Umepata mwenye kutoa zaidi. Nakuja.* Ndivyo walivyo wakusanyaji. Mmoja wao akikwambia kitu kimeungua, wewe unauliza kimeungulia kwa nani na kwa bei gani. Baharanyi aliiweka simu chini. Ile bei ya pikipiki haikumwuma sana. Kilichomwuma ni kwamba alikuwa amefika mpaka ukingoni mwa ule mto, akaona maji, na sasa anarudishwa nyumbani tena, mtu mzima, bila kujua.

Jumapili, misa ilipokwisha, Olivier akaja. Alivaa koti la bluu na viatu vilivyosuguliwa, na kifuani, kwa mikono miwili, alishika sashe yenye Namba Kumi na Mbili. Alikuja akiishika hivyo njia nzima juu ya pikipiki, dereva akimsihi ashike chuma.

Baharanyi alikuwa chumbani anabadilisha shati. Aliyefungua mlango ni mama Mukamugema.

Na hapa lazima lisemwe jambo ambalo mtu wa Kivu haelezwi. Mgeni haendi kwa watu mikono mitupu. Anabeba sukari, ndizi, hata kipande cha sabuni, na kile alichoshika akikanyaga mlango ni cha nyumba ile. Hakitangazwi wala hakiulizwi. Mkubwa wa nyumba anakipokea kwa mikono miwili, anashukuru, na mambo yameisha. Kusema "hapana, hiki si chenu" ni sawa na kutema mate sebuleni.

Mama Mukamugema alimwona mgeni, akaona mikono yake, akanyoosha ya kwake.

"Yewe! Karibu, mwanangu. Na umetubebea kitu!"

Akaishika sashe. Olivier hakuiachia. Kwa muda walisimama hivyo, mmoja anavuta kwa heshima, mwingine anang'ang'ania kwa heshima. Baharanyi aliyetokea mlangoni mwa chumba akaiona ile mandhari. Aliona vidole vya Olivier vimekuwa vyeupe. Halafu Olivier akatazama uso wa yule mama, kitambaa chake cha kichwani, tabasamu lake, na vidole vikafunguka kimoja kimoja.

"Asanti sana," mama alisema, akaipasua sashe kwa meno.

Olivier akakaa kwenye kiti kama mtu aliyesukumwa. Kipakiti cha kukausha unyevu kilianguka sakafuni, Exaucée akakiokota akauliza kama kinaliwa.

"Namba Moja iko wapi?" Olivier alinong'ona, rangi imemtoka.

Baharanyi akamwelekezea meza. Olivier akaichukua, akaigeuza huku na huku, ikawa inatoa mlio wa bati. Akauvuta waya. Akaitazama kona.

"Hii haiko bede tena," alisema kwa sauti ya chini. "Hii ni carte d'électeur, kadi ya kura."

"Nilikuandikia usikuje!"

"Ulisema ajali! Hukusema mazishi!"

"Munanong'onezana nini?" mama aliuliza. Alikuwa amekwisha kuifungua Namba Kumi na Mbili juu ya magoti yake na anaitazama karibu, kisha mbali, kisha karibu. "Huyu mwenye kofia ni yule wa kitabu ya mukwe wangu. Juu ya nini analia? Exaucée, kuja uone. Mukwe wangu, kuja utusomee. Mimi macho iko, lakini masomo haikuniingia."

Baharanyi alimtazama Olivier. Olivier alitazama dari. Kisha Baharanyi akaenda kunawa mikono, mara mbili, na hata katika hali ile Olivier alitikisa kichwa kukubali. Akaja akakaa kati ya mama mkwe wake na rafiki yake, Exaucée akajibana begani, Umuhoza akasimama nyuma na mwiko. Baharanyi akaanza kusoma.

Kengele haikupotea. Maji yaliisukuma mpaka mahali wanawake wanafulia, ikakwama mchangani mdomo juu. Wanawake wakaogeshea watoto ndani yake. Kijiji cha pili kikaiazima kupikia maharage ya harusi, kwa sababu hakukuwa na sufuria kubwa kama ile. Kijiji cha tatu kikaiazima kwa matanga ya msiba. Kuku akaatamia humo. Kipepeo yuko nyuma kila mara, anafuata mto kwa miguu, anauliza, na kila anapofika wanamwambia, "Ilikuwa hapa jana, tuliiazima kidogo tu."

"Kidogo tu!" mama Mukamugema alipiga goti. "Banasemaka vile!"

Mwishowe Kipepeo anaipata na kuifikisha. Imebonyea upande mmoja, imekuwa nyeusi kwa masizi, inanuka maharage. Padri anashika kichwa. Anaigonga mara moja tu, kwa huzuni, na inatoa sauti iliyokauka, kama ya mtu aliyekesha akipiga kelele za furaha. Baharanyi akageuza ukurasa. Ulikuwa ule wa mwisho. Kutoka kila kilima watu wanateremka wanakimbia, wanawake, watoto wenye povu kichwani, bwana harusi, hata kuku, na wote wanasema neno moja: "Ile ni sufuria yetu!" Kanisa linajaa mpaka madirishani. Na nje, ndani ya lori, Kipepeo amelala, kofia usoni.

Mama Mukamugema alicheka mpaka akafuta yale macho aliyokatazwa kuyasugua. Umuhoza alicheka. Exaucée akataka irudiwe. Na Olivier, muuza dawa ambaye miaka yote alikuwa na bede hiyo, alivua miwani na kuinama, mabega yakimcheza, mpaka Baharanyi akadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Sufuria," alisema alipopata pumzi. "Sikujua. Naapa, sikujua."

Kengele ilifika. Baharanyi alikaa na jambo hilo, na lilimkaa vizuri. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na siku ile mwenyeji alipona kwelikweli.

Walikula maharage na sombe, wakanywa chai, na jua lilipoanza kuteremka Olivier akaaga. Namba Kumi na Mbili ilibaki juu ya kabati, ambako mama alikuwa ameiweka kwa heshima karibu na picha ya Bikira Maria. Olivier aliitazama mara moja, akatoka.

Baharanyi angeweza kuiacha pale. Fungu lake lingekamilika, na rafiki yake asingekuwa na neno la kusema, leo wala kesho. Aliliwaza hilo mpaka mlangoni. Halafu alirudi ndani, akaichukua chini ya koti mama alipokuwa amegeuka, akamsindikiza mgeni mpaka barabarani, kama inavyopasa. Hapo, mbele ya ukuta wa mawe meusi, akaitoa.

"Kamata kitu yako."

Olivier alishtuka. "Na mama yako mukwe?"

"Nitasema umeibeba kuiplastifiye."

"Ayi, usinitie katika uongo yako!"

"Basi nitie wewe katika ya kwako. Kamata. Mimi nimeshajua mwisho yake. Ndiyo kitu nilikuwa nataka."

Olivier akaipokea, akaificha ndani ya koti, akapanda pikipiki bila kuaga vizuri.

Juma lile halikuwa jepesi. Kumdanganya mama mkwe ni kazi isiyo na mshahara. "Olivier hajarudisha?" aliuliza asubuhi. "Ile kazi ya plastiki haikamatake siku mingi," alisema mchana. "Ao kijana wa fotokopi amemwiba?" aliuliza jioni, na akawa tayari kwenda Birere mwenyewe kugombana naye. Baharanyi alijibu kwamba kuna foleni, kwamba mashini imeharibika, kwamba umeme umekatika, na hilo la mwisho angalau mara nyingi lilikuwa kweli. Wakati huo Namba Moja ilikuwa ikitembea nyumbani kama kuku. Exaucée aliisoma huku anakula. Majirani waliiazima, ikarudi na ugali, Umuhoza akaipangusa kwa kitambaa cha vyombo, ikawa kama mpya. Mara ya kwanza Baharanyi alifumba macho asione. Mara ya tatu alijikuta anaisoma na yeye, mikono haijanawiwa.

Jumapili iliyofuata mama Mukamugema alikuwa amefunga mizigo yake, kesho yake anarudi Rutshuru. Walikuwa wamekaa sebuleni wote mlango ulipogongwa. Ni Olivier, bila koti la bluu. Mkononi alishika kitu kilichong'aa.

Namba Kumi na Mbili. Plastiki ngumu, kona mviringo, waya mweusi mgongoni.

Baharanyi alisimama. Midomo yake ilitafuta neno na ikapata moja tu. "Agrafe?"

"Nilitupa," Olivier alisema. "Zilikuwa na kutu."

"Hazikuwa na kutu, Olivier."

"Najua." Akajikuna shingo. "Nilirudi kwangu siku ile, nikaitia ndani ya sashe ya mupya. Nikaitazama. Nyumba ikanyamaza. Nikaipasua sashe, nikasoma tena, lakini peke yangu haikuchekesha vile. Juma nzima nilifungua zingine. Iko mingi, Baharanyi, sijaisoma hata moja. Niko na miaka makumi tano na saba, ninauza dawa ya kikohozi, na nimefungia watu wote wale ndani ya sashe." Akageuka kwa mama Mukamugema na kunyoosha mikono yote miwili. "Mama, ni yenu."

Mama Mukamugema aliinuka, akajipanga kitenge, akaipokea. Haikuvutwa upande wowote. Aliigeuza juani, akaikagua kona zote nne, akamtazama Olivier.

"Siku ile nilivuta, na vidole yako haikuachia," alisema. "Nikasema, huyu hakuleta zawadi, lakini nimeshasema asanti, nitaficha wapi sura yangu? Leo umeachia."

Baharanyi alihisi masikio yanapata moto. "Mama... ulijua?"

"Daktari hakunifungua macho nitazame ukuta." Akamgeukia, na sasa alikuwa anatabasamu kidogo. "Na wewe, siku nilikupa kitabu yako, ulipokea sawa mutu mwenye anapewa maiti. Nikaona nimeharibu. Nilikaa nangoja unigombeze, ao unyamaze."

Exaucée aliacha kutafuna.

"Ulisema asanti," mama alisema. "Mara mbili. Nikamwambia Mungu, ndiyo huyu nilipatia mutoto wangu." Kisha akamsukumia Namba Kumi na Mbili mikononi. "Basi ikala utusomee. Anzia pale kwa sufuria."